Kambi za Kazi na Kuta za Kale: Lipi Kweli, Lipi Porojo?

Juni ikikaribia, wanafunzi wa vyuo huanza kuulizana maswali yale yale. Kuanzia Kawangware hadi Waithaka, Riruta hadi Mutuini, utasikia kwamba huko Ulaya kuna kambi za kukarabati ngome za kale, ambako mwanafunzi hulala bure, hulishwa, na akimaliza hubaki hukohuko. Utasikia pia kinyume chake, kwamba kambi hizo ni starehe ya watoto wa matajiri wanaokuja Afrika kupiga picha. Mengi ya haya hayana msingi. Machache ni kweli, tena ni kweli nzito kuliko wasemaji wenyewe wanavyodhani. Nimeyachambua yanayosikika zaidi kwa sababu naamini kazi hii inaweza kuifaa Dagoretti yetu, magharibi mwa Nairobi, na porojo zinazoizunguka zinawafanya vijana wetu wapoteze pesa kwa upande mmoja na nafasi nzuri kwa upande mwingine.

"Kambi za kazi ni biashara mpya ya kampuni za utalii."

Si kweli. Kambi ya kwanza ya aina hii ilipigwa mwaka 1920 katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekisawazisha kijiji hicho. Pierre Cérésole, injinia wa Uswisi aliyechukia vita, alikusanya kundi dogo la watu wa mataifa mbalimbali wakajenge upya nyumba za wanakijiji. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, watu wa taifa lililokuwa likipigana na Ufaransa miaka miwili tu iliyotangulia. Walifanya kazi majira yote ya baridi. Hatimaye wenyeji walikataa kuwaona Wajerumani kijijini mwao, na mwaka 1921 kambi ikavunjika. Wazo lenyewe halikuvunjika: ndilo lililozaa shirika la Service Civil International, ambalo bado lipo.

Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1948, mashirika ya kambi yaliunda baraza lao la kimataifa, CCIVS, chini ya mwavuli wa UNESCO jijini Paris. Kambi za majengo ya kale zilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Mwaka 1952 Mfaransa kijana, Maurice Duton, alianza na wenzake kufyeka magugu na kuondoa kifusi katika ngome ya Guise, kaskazini mwa Ufaransa, ambayo hakuna aliyeitaka. Ngome hiyo imetunzwa na kizazi baada ya kizazi cha vijana tangu hapo. Mwaka 1966 vyama vya namna hiyo vikaungana chini ya jina REMPART. Mwaka 2008 UNESCO ikaanzisha mpango wake wa wajitoleaji wa Urithi wa Dunia, unaopeleka vijana katika maeneo yaliyo kwenye orodha yake.

Kampuni za utalii zilifika mwishoni kabisa. Zipo, na baadhi huuza wiki mbili za "kujitolea" kwa bei ya likizo ya kifahari. Ukitaka kuzitambua, uliza ni nani aliyeiomba kazi hiyo. Kama hakuna mwenyeji aliyeiomba, wala fundi anayeisimamia, wewe ni mtalii aliyeshikishwa mwiko wa kujengea.

"Ni mambo ya wazungu. Mwafrika huwa mwenyeji tu, au mandhari ya kupigia picha."

Si kweli, na hili huniuma zaidi kwa sababu linafuta kazi ya Wakenya wenyewe. Shirika la Kenya Voluntary Development Association, KVDA, lilianza mwaka 1962, kabla hata bendera yetu haijapandishwa. Katika kambi zake Mkenya na mgeni walilala kwenye sakafu ya darasa moja, wakachota maji kisima kimoja, wakachimba msingi mmoja. Madarasa, zahanati na miradi ya maji katika vijiji vingi vya nchi hii yamepita mikononi mwa kambi hizo. Kwa watu waliokulia katika harambee za miaka ya 1960 na 1970, hapakuwa na jambo la kigeni hapo. Mtu aliacha shughuli zake, akabeba jembe, akaenda kujenga shule ya wote. Kilichoongezeka ni mgeni kutoka mbali aliyekuwa tayari kubeba jembe pamoja naye. Kule Tanzania, UVIKIUTA, umoja wa vijana wenye makao Chamazi, Dar es Salaam, umepokea wageni na kuwaongoza vijana wa Kitanzania kwa namna hiyo hiyo kwa miongo.

Kuna dhuluma ya kweli hapa, nayo isifichwe. Mwanafunzi wa Lyon anayekuja Kenya huomba idhini ya kusafiri mtandaoni na kufunga mkoba. Mwanafunzi wa Riruta anayekwenda Lyon huomba viza ya Schengen: taarifa za benki, barua ya chuo, bima, miadi ya kusubiriwa, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90. Akinyimwa, ada hairudi. Kwa hiyo katika kambi nyingi za Ulaya utawakuta vijana wa Uhispania, Korea na Meksiko, na Mkenya mmoja au hakuna. Mashirika yanayohubiri urafiki wa mataifa yana wajibu wa kulisemea jambo hili kwa sauti kubwa kuliko yanavyofanya sasa.

"Ukishaingia kambini, umepata kazi Ulaya."

Uongo mtupu, na hatari. Kambi huchukua wiki mbili au tatu. Kazi ni kama saa sita kwa siku, bila mshahara. Unapewa mahali pa kulala, ambapo huenda pakawa hema au godoro katika ukumbi wa shule, na chakula ambacho ninyi wenyewe hupika kwa zamu. Nauli unajilipia. Kambi nyingi hudai pia mchango wa bima na chakula. Viza ya muda mfupi ya Schengen haizidi siku 90 katika kila siku 180, na hairuhusu ajira. Kijana anayeamua "kupotea" baada ya kambi anaishi bila karatasi, na mwaka unaofuata ubalozi huwatilia shaka wenzake wote watakaotuma maombi kupitia shirika lile lile.

Matapeli wanaijua vizuri tamaa hii. Wakala anakaa kwenye ofisi ya kukodi kwa mwezi, ana picha za ngome ukutani, anakuambia nafasi zimebaki mbili na pesa zitumwe leo kwa M-Pesa, kwa nambari ya mtu binafsi. Anaahidi mshahara. Anaahidi viza. Hakuna shirika la kambi lenye uwezo wa kutoa viza. Uamuzi ni wa ubalozi peke yake. Shirika la kweli litakupa barua ya mwaliko, litakutajia tarehe, kijiji na jina la eneo linalokarabatiwa, na litakukatia risiti kwa jina la shirika. Mzazi wa Ng'ando au Kabiria anayeuza kipande cha shamba cha ushago ili mtoto "aende kambi" aulize mambo hayo matatu kwanza: kijiji gani, tarehe gani, risiti ya nani. Mwenye jibu la kweli hatakasirika kuulizwa.

Kanuni ya viza kutoruhusu kazi ina upande wa pili. Mgeni anayekuja Kenya kujitolea naye haruhusiwi kufanya kazi kwa idhini ya mtalii, hata kama halipwi. Shirika linalomwambia mgeni wake ajifanye mtalii uwanjani linamfundisha kuvunja sheria siku ya kwanza.

"Wanafunzi ndio wanaojenga ukuta."

Si kweli, na wala haipaswi kuwa kweli. Katika kambi inayoendeshwa vizuri, fundi mwashi ndiye mwenye ukuta. Mwanafunzi ni mtu wa mkono, kama wanavyosema kwenye mijengo yetu.

Siku katika kambi ya ukuta wa mawe ya matumbawe pale pwani huanza na uchunguzi. Mmoja anapiga picha kila hatua ya ukuta huku ubao wenye namba ukionekana kwenye picha. Mwingine anachora nyufa kwenye karatasi. Kama kuna jiwe litakaloshushwa, linaandikwa namba kwa chaki kabla halijaguswa, ili lirudi pale pale lilipotoka. Kisha kuna mimea. Mtini ulioota juu ya ukuta hung'oa mawe kwa mizizi yake polepole kwa miaka, na mwanafunzi mwenye nguvu na pupa anaweza kumaliza uharibifu huo kwa dakika moja akiuvuta kwa mikono miwili, maana mzizi utatoka na jiwe lake. Fundi atamwonyesha kuukata shina, kukiua kisiki pale kilipo, na kuuacha mzizi mkavu ndani ukiwa umeshikilia mawe hadi yatakapopata chokaa mpya.

Halafu mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, kwa hiyo hautumiki. Ule mwingine huchekechwa, tena na tena, mpaka mabega yaume. Kazi nyingi ya mjitoleaji ni hii: chekecho, karai, ndoo ya maji, ufagio. Haina picha nzuri. Lakini fundi aliyepata watu sita wa kumchekechea mchanga na kumletea chokaa anaweza kupanga mawe kuanzia asubuhi hadi adhuhuri bila kusimama, na hapo ndipo msaada unapopimika.

Ukarabati wenyewe si mchezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Palikuwa na wataalamu pale. Anayemwambia mwanafunzi wa mwaka wa pili apande jukwaa la mbao bila kofia ngumu hafai kuongoza kambi.

"Saruji ni imara kuliko chokaa, kwa hiyo inafaa zaidi."

Sehemu ya kwanza ni kweli. Hitimisho lake ndilo lililoua kuta nyingi za kale za pwani. Nalitaja kwa urefu kwa sababu kila fundi wa Dagoretti amelelewa na saruji, na akiitwa kesho kuziba ufa wa jengo la zamani, mfuko wa saruji ndio atakaoununua kwanza.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Kwa miaka 500 pwani ilisimamisha misikiti, makaburi ya nguzo na nyumba za ghorofa bila punje moja ya saruji. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, na jua likiwaka huyatoa. Plasta ya chokaa huyaruhusu maji hayo yatoke. Saruji huyafungia ndani. Maji yakikosa njia hukaa nyuma ya plasta pamoja na chumvi yake. Chumvi hugeuka fuwele, fuwele hutanuka, na jiwe husagika kuwa unga huku sura ya nje ikionekana safi. Baada ya miaka michache plasta ya saruji huanguka kipande kizima, nayo hubeba uso wa jiwe. Chokaa ni laini kuliko jiwe kwa makusudi: kitu kikilazimika kupasuka, ipasuke chokaa, ambayo fundi anaweza kuipaka tena.

Kuitengeneza kunahitaji subira. Kwa desturi ya pwani, matumbawe hurundikwa juu ya magogo yaliyopangwa duara, yakachomwa moto mkali, kisha yakaachwa kwa miezi yapate unyevu na kuiva. Chokaa isiyoiva huchemka ikikutana na maji. Huunguza ngozi, na ikiingia jichoni yaweza kuliharibu. Ndiyo maana kambini kuna miwani, glavu na ndoo ya maji safi karibu na kila pipa. Siku ya kupaka, ukuta huloweshwa kwanza ili jiwe kavu lisinyonye maji yote ya chokaa. Hupakwa tabaka jembamba, halafu jingine. Kisha hufunikwa na magunia mabichi, na mtu fulani hupewa zamu ya kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni ili plasta isikauke haraka ikapasuka. Zamu hiyo ya kunyunyizia magunia, ambayo wengi huikimbia, ndiyo inayoamua kama kazi ya wiki nzima itadumu.

Kijana aliyelijua hili kwa mikono yake ana ujuzi ambao mafundi wachache wa Nairobi wanao. Kwangu mimi, hiyo ni sababu tosha ya kwenda kambini, iwe Ufaransa au Kilwa.

"Kambi hufanywa Julai na Agosti kwa sababu ya likizo tu."

Nusu kweli. Likizo ni sababu, lakini Ulaya chokaa mbichi ikipigwa na barafu huharibika, kwa hiyo kazi ya kuta hungoja majira ya joto. Pwani yetu pia Julai na Agosti hufaa, kwa kuwa masika imepita. Nairobi ndiyo tofauti: Julai ndiyo baridi yetu kali, na anayekuja Dagoretti mwezi huo akitarajia jua la Afrika atakutana na ukungu wa asubuhi na manyunyu. Alete sweta.

"Wajitoleaji huwanyang'anya mafundi wetu kazi."

Inategemea, na mwenye kuuliza hivi ana haki ya kuuliza. Mahali ambapo wageni ishirini huletwa kupaka rangi ukuta ambao vijana watatu wa mtaa wangeupaka kwa siku mbili na kulipwa, mtaa umepoteza. Lakini kuta za kale nyingi hazina bajeti yoyote. Bila kambi, hakuna anayelipwa wala kinachofanyika. Sharti langu ni moja: pesa za kambi zimlipe fundi wa mahali hapo mshahara kamili, na kati ya wanaojifunza kwake wawepo vijana wa pale pale watakaobaki wageni wakiondoka. Kambi isiyoweza kuonyesha jina la fundi wa eneo lile kwenye daftari lake la malipo haistahili kuitwa msaada.

"Wiki mbili haziwezi kuleta tofauti."

Wiki mbili peke yake, hapana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya mvua, bahari inayokula ufuo na mimea inayopasua kuta. Yalitolewa huko mwaka 2014. Miaka kumi ya mafundi, wataalamu, wafadhili na wanakijiji. Wajitoleaji walikuwa tone katika kazi hiyo, lakini tone linalorudi kila mwaka mahali pale pale ni kitu kingine kabisa na kundi linalokuja mara moja na kutoweka.

Watu wa Dagoretti wanaijua tofauti hii kwa uchungu. Eneo letu limekuwa na makao mengi ya watoto, na kwa miaka wageni wa wiki mbili walikuja, wakabebwa mioyoni na watoto, wakaondoka. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mtazamo wa nchi tangu wakati huo umekuwa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mtoto anaumia mgeni anapoondoka, ukuta hauumii. Kwa hiyo kijana wa kigeni mwenye wiki mbili tu na moyo wa kusaidia, ni heri apelekwe kwenye mchanga na chokaa. Hata hivyo ukuta uliofunguliwa na kuachwa nusu mvua za vuli zikija huanguka haraka kuliko ule ambao haukuguswa. Kazi ipangwe iishe, au isianzwe.

"Urithi ni magofu ya mawe, na yote yako pwani."

Si kweli mara mbili.

Kwanza, mawe. Makaya ya Mijikenda, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni misitu. Ngome za mbao na nyumba za vijiji vilivyokuwa ndani yake zilikwisha zamani. Kilichobaki ni miti, makaburi, njia na makatazo yanayolindwa na wazee. Kambi zimefanyika huko pia. Kazi yake ni kupanda miti ya asili, kusafisha njia na kusikiliza. Kaya Kinondo, kule Kwale, mgeni hujifunga kitambaa cheusi kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na kitu, hata jani. Hapo mwanafunzi wa uhandisi hujifunza kwamba kutogusa ni kazi ya ukarabati.

Pili, pwani. Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa njiani kwenda Uganda kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga boma la miti hapa Dagoretti na kula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga. Alipoondoka alimwacha George Wilson kulishika. Udugu haukudumu: watu wa msafara waliwaibia wenyeji, mapigano yakazuka, boma likaachwa na kuteketezwa mwaka 1891. Waingereza wakajenga jingine upande wa Kabete, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa upande wa pwani kwa nguvu. Alifia Kibwezi njiani. Maelfu hupita kila siku kwenye barabara yenye jina lake. Wangapi wanajua kwamba kisa chenyewe kilianzia huku kwetu?

Baada yake alipanda Kinyanjui wa Gathirimu, aliyekuwa chifu mkuu na kufariki mwaka 1929. Vijana hulitaja jina lake kila wanapotaja chuo cha ufundi cha P.C. Kinyanjui, bila kujua kwamba herufi hizo mbili ni cheo chake. Thogoto, mpakani kwetu, misheni ya Waskoti iliyohama kutoka Kibwezi mwaka 1898 iliacha kanisa la mawe, Church of the Torch. Na kwenye Barabara ya Ngong yapo makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941, ambamo wamelala zaidi ya wanajeshi 1,900 wa Vita vya Pili. Nyasi zake hukatwa, majina yanasomeka, kwa sababu tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inawalipa watu wayatunze. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikubali katika ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na wapagazi wa Vita vya Kwanza, hawakuandikwa majina popote. Mtu akitaka kuona urithi uliotunzwa na ule usiotunzwa, ana mfano wa yote mawili bila kutoka magharibi mwa jiji.

Boma la Lugard halina ukuta wa kupaka chokaa. Lakini kuna kazi: kukusanya simulizi za wazee wa Mutuini, Waithaka na Ruthimitu kabla hawajaondoka nazo, kuchora ramani ya maeneo, kuweka mabango ya kusomeka kwa Kiswahili na Kikuyu, kutunza mikuyu mikubwa iliyobaki kati ya nyumba za kupanga. Hiyo ni kambi kamili ya wiki tatu, na mgeni wa Ufaransa au Korea angejifunza mengi ndani yake, mradi aongozwe na mzee wa hapa na mwanafunzi wa hapa.

"Mwenye moyo mwema anaweza kuanza tu."

Hapana. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda minara ya kumbukumbu na majengo yaliyotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Kuyagusa bila idhini ni kosa, hata kama nia ni kuyapendezesha. Njia ni kuwaendea Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kwanza, kisha mwenye ardhi, kisha wazee wa mtaa. Inachosha. Lakini kundi la vijana lililofuata njia hiyo lina barua mkononi, na barua hiyo ndiyo itakayolishawishi shirika la kimataifa kuleta wageni na bajeti.

Kwa hiyo, wanafunzi wa Dagoretti: anayetaka kwenda kambi ya nje, aanze kwa kushiriki kambi moja ya hapa nchini kupitia shirika lililosajiliwa, maana mashirika ya kambi huthamini mtu anayejua kazi. Anayebaki likizo ijayo, awakusanye wenzake, achukue simu yenye kinasa sauti, na amtembelee mzee mmoja wa mtaani kwake mwenye kumbukumbu za babu zake. Na ninyi wawakilishi wa wadi zetu na kaunti: tengeni fedha za mabango machache na mshahara wa msimamizi mmoja wa maeneo haya katika bajeti ijayo. Wapo vijana wa kuifanya kazi iliyobaki.